John Scott Haldane: Mwanasayansi Aliyesoma Dhiki ya Ndege

Utangulizi

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya dhiki ya kiumbe ni mwili wake. Mtu aliyebanwa na maradhi aweza kueleza panapomuuma. Ndege aliye tunduni hana kauli hiyo. Waswahili humfananisha mtu msemaji na chiriku, lakini chiriku mwenyewe anapoingiwa na dhiki hunyamaza. Huvimbisha manyoya, hufumba macho, huyumba juu ya kijiti, na mara nyingi mfugaji hutanabahi wakati umekwisha kupita. Ndege wengi wadogo huuficha udhaifu wao kadiri wawezavyo, kwa kuwa mnyonge ndiye awindwaye kwanza. Ndiyo maana suala la kuitambua dhiki ya ndege bila ya kumwongezea nyingine ni gumu kuliko linavyoonekana. Kumkamata ili apimwe ni kumtisha, na kumtisha ni kukibadili kile kile kinachopimwa.

Miongoni mwa wataalamu waliolikabili suala hili mapema ni John Scott Haldane, mwanafiziolojia wa Uskoti aliyeishi kati ya mwaka wa 1860 na 1936. Hakuwa mfugaji wa ndege. Alikuwa tabibu aliyetumia maisha yake kuichunguza hewa ambayo binadamu huivuta majumbani, mashuleni, migodini, baharini na vitani. Hata hivyo, ni katika kazi yake hiyo ambapo kanari, ndege mdogo aimbaye wa ukoo wa chiriku, aligeuka kuwa kipimo cha uhai chini ya ardhi.

Malezi na Elimu

Haldane alizaliwa mwezi Mei mwaka wa 1860 katika jiji la Edinburgh. Jamii yake ilikuwa ya watu wa sheria, dini na elimu. Kaka yake, Richard Burdon Haldane, alikuja kuwa Waziri wa Vita wa Uingereza kuanzia mwaka wa 1905 hadi 1912. John alivutiwa kwanza na falsafa kabla ya kuzama katika tiba. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akapata pia masomo huko Jena, Ujerumani, na akahitimu shahada ya udaktari mwaka wa 1884.

Falsafa hiyo ya ujanani haikumwacha kamwe. Haldane alishikilia kwamba kiumbe hai si mashine inayoweza kueleweka kwa kutazama vipande vyake kimoja kimoja. Mwili, kwa maoni yake, ni kitu kizima kinachojirekebisha bila kukoma ili kibaki katika hali yake, na anayetaka kuuelewa sharti autazame ukiwa hai na ukitenda kazi.

Kazi yake ya kwanza ya utafiti ilifanyika mjini Dundee, mji wa viwanda uliokuwa na mitaa ya mafukara. Akishirikiana na Thomas Carnelley, profesa wa kemia, aliingia usiku wa manane katika vyumba ambamo jamii nzima zililala pamoja, akachota hewa yao katika chupa na kuipima. Matokeo ya uchunguzi huo yalichapishwa mwaka wa 1887. Tangu hapo Haldane alikuwa amejifunza jambo moja: ukweli kuhusu hewa hauko katika maabara peke yake bali uko mahali watu wanapoivuta.

Mwaka huo huo alihamia Oxford kufanya kazi chini ya mjomba wake, John Burdon Sanderson, profesa wa fiziolojia. Kipindi hicho kilikuwa cha mabishano makali. Sheria ya mwaka wa 1876 ilikuwa imekwisha kuwalazimisha wanasayansi wa Uingereza kupata leseni kabla ya kufanya majaribio juu ya wanyama hai, na Burdon Sanderson alikuwa miongoni mwa walioshambuliwa sana na wapinzani wa majaribio hayo. Haldane, basi, aliingia katika taaluma ambayo kila siku ilikabiliwa na swali la iwapo maarifa yanahalalisha mateso. Jibu lake halikuwa la maneno. Alianza na mwili wake mwenyewe.

Gesi Isiyo na Harufu

Wahenga walisema kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Kwa kawaida methali hiyo humkanya anayemtegea mwenzake mtego. Kwa Haldane yafaa ichukuliwe kama ilivyo, kwa kuwa kila shimo alilolichunguza aliliingia.

Katika miaka ya 1890 alijishughulisha na kaboni monoksidi, gesi inayotokana na moto usiopata hewa ya kutosha. Gesi hii haina rangi, wala harufu, wala ladha. Inapoingia mapafuni hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hata damu ikawa haina tena nafasi ya kubeba oksijeni. Jambo la hatari zaidi ni kwamba mhasiriwa haoni maumivu makubwa. Akili yake huzubaa kwanza, miguu hulegea, na aghalabu hujiona yu mzima hadi anapoanguka.

Haldane aliivuta gesi hiyo kwa makusudi huku akichukua matone ya damu yake na kulinganisha rangi yake, ili ajue ni sehemu gani ya damu imekwisha kushikwa. Katika baadhi ya majaribio aliendelea hadi takriban nusu ya damu yake ilipokuwa imetwaliwa, hali ambayo hakuweza kutembea bila ya kuyumba. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka wa 1895.

Sambamba na majaribio hayo aliwatazama panya waliovuta hewa hiyo hiyo. Hapo ndipo alipobaini jambo lililokuwa la manufaa makubwa. Panya alilegea baada ya dakika chache tu, ilhali binadamu alihitaji muda mrefu zaidi kufikia hali hiyo. Sababu yake ni umbo. Kadiri mnyama mwenye damu moto anavyokuwa mdogo, ndivyo mwili wake unavyotumia oksijeni kwa kasi kubwa kulingana na uzito wake, na ndivyo anavyolazimika kupumua haraka zaidi. Gesi inayomfikia mtu polepole humfikia mnyama mdogo kwa kishindo.

Tylorstown, 1896

Nadharia hii ilipata uthibitisho wa huzuni tarehe 27 Januari 1896, mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, kusini mwa Wales, ulipolipuka. Watu 57, wanaume na vijana, walipoteza maisha. Wakati huo wengi waliamini kwamba wachimbaji wanaokufa katika mikasa ya namna hii huuawa na mlipuko wenyewe au na moto. Haldane alifika, akashuka mgodini, akaichunguza miili ya marehemu mmoja baada ya mwingine.

Aliyoyaona yalikuwa kinyume cha itikadi hiyo. Miili mingi haikuwa imevunjika wala kuungua vya kutosha kusababisha mauti. Ngozi zao zilikuwa na wekundu usio wa kawaida kwa maiti, mithili ya watu waliolala. Damu ilipopimwa ilionyesha alama ya kaboni monoksidi. Watu hao walikuwa wameuponea mlipuko, wakauawa na hewa waliyoivuta baadaye. Jambo lililochoma moyo zaidi ni kwamba baadhi yao wangaliweza kuokoka kama wangalijua mapema kwamba hewa waliyokuwa wakiielekea ilikuwa sumu.

Katika ripoti yake ya mwaka huo wa 1896, Haldane alipendekeza kwamba wachimbaji na waokoaji wabebe mnyama mdogo mwenye damu moto wanapoingia mahali penye shaka. Mnyama huyo angeonyesha dhiki kabla ya binadamu kudhurika, na muda huo ungetosha watu kurudi nyuma.

Kwa Nini Kanari?

Panya angeweza kuifanya kazi hiyo, na kwa kweli panya walitumika. Hata hivyo, panya ana tabia ya kujikunyata pembeni hata akiwa mzima, na katika mwanga hafifu wa taa ya mgodini si rahisi kutofautisha panya aliyetulia na panya aliyezimia. Kanari yu tofauti. Hukaa juu ya kijiti ambapo kila mtu anamwona. Hurukaruka na kulia. Dhiki inapomwingia hunyamaza, huvimbisha manyoya, hupumua kwa shida, huyumba, na hatimaye huanguka sakafuni mwa tundu. Hatua hizo zinafuatana kwa mpangilio ambao hata mchimbaji asiyejua kusoma maandishi aliweza kuusoma.

Fauka ya hayo, maumbile ya ndege yanamfanya awe mwepesi wa kuathirika. Kanari ana uzito wa gramu 20 hivi, na pumzi yake hupita mapafuni ikielekea upande mmoja kwa msaada wa vifuko vya hewa, kiasi kwamba hupata hewa mpya anapovuta pumzi na pia anapoitoa. Mfumo huo humwezesha kuruka na kuimba, lakini humharakishia sumu vilevile.

Haldane alikuwa mwangalifu kutokuza uwezo wa ndege huyu kupita kiasi. Tofauti kati ya kanari na binadamu ilikuwa ya muda. Mtu akibaki katika hewa hiyo kwa muda mrefu, naye atafikia hali ile ile. Kwa hiyo kanari hakuwa kinga bali mjumbe, na mjumbe hafai kitu iwapo hasikilizwi papo hapo.

Wepesi huo ulikuwa na upande wa pili. Mwili uliopokea sumu upesi uliitoa upesi pia. Kanari aliyeanguka, akirudishwa katika hewa safi bila ya kuchelewa, mara nyingi alisimama tena juu ya kijiti chake. Kutokana na ukweli huu kulitengenezwa matundu ya pekee, yenye mlango wa mviringo uliozibwa kwa wavu, na juu yake chupa ndogo ya oksijeni. Mlango ulipokuwa wazi ndege alivuta hewa ile ile waliyoivuta watu. Mara tu alipoonyesha dhiki, mlango ulifungwa, vali ikafunguliwa, na oksijeni ikamzindua. Matundu ya aina hiyo yalitengenezwa na kampuni ya Siebe Gorman, iliyojulikana kwa zana za kupumulia na za kuzamia majini.

Kuanzia mwaka wa 1911 matumizi ya kanari yakawa utaratibu wa kawaida katika migodi ya Uingereza. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi waliochimba mahandaki chini ya ngome za adui walikwenda nao pia.

Mtoto Mgodini

Haldane alimwoa Louisa Kathleen Trotter mwaka wa 1891, wakajaaliwa watoto wawili. Wa kwanza, John Burdon Sanderson Haldane, aliyezaliwa mwaka wa 1892, alikuja kuwa mwanajenetiki mashuhuri. Wa pili, Naomi Mitchison, aliyezaliwa mwaka wa 1897, alikuwa mwandishi wa riwaya aliyeishi hadi mwaka wa 1999. Nyumba yao ya Oxford ilikuwa na maabara ndani yake, na watoto walikua wakijua kwamba baba yao angeweza kuzimia chumbani kwa ajili ya kazi.

Kisa kimoja ambacho mwanawe alikuja kukisimulia ukubwani kinafaa kuzingatiwa. Akiwa bado mtoto, alishuka na baba yake katika mgodi mmoja wa Staffordshire, wakafika mahali palipojaa methani. Baba alimwamuru asimame wima na kukariri hotuba ya Mark Antony katika tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, tamthilia ile ile ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka wa 1963. Mtoto alianza. Haukupita muda pumzi ikamwishia, miguu ikalegea, akaanguka. Hapo chini akapata kupumua tena, maadamu methani ni nyepesi kuliko hewa na hujikusanya juu. Somo hilo hakulisahau maishani.

Msomaji wa leo huenda akashtuka, na ana haki ya kushtuka. Baba alimfanya mwanawe kuwa kanari: akamsimamisha ndani ya hewa mbaya na kumtaka atoe sauti, ili kunyamaza kwake kuwe ndiyo dalili. Tofauti ni kwamba baba naye alikuwa amesimama katika hewa hiyo hiyo, akijua fika namna ya kumrejesha. Haldane hakumpeleka kiumbe yeyote mahali ambapo mwenyewe alikuwa hajathubutu kwenda. Kama hilo latosha kumhalalisha ni suala ambalo kisa chenyewe hakilijibu.

Mbuzi, Safura na Vita

Mbinu ya kusoma dalili za nje ilimwongoza katika kazi zake nyingine. Mwaka wa 1902 alikwenda Cornwall, ambako wachimbaji wa madini ya bati katika mgodi wa Dolcoath walikuwa wakikonda na kupungukiwa na damu. Wengine waliilaumu hewa. Haldane alibaini kwamba chanzo kilikuwa minyoo ya safura, maradhi yanayofahamika vyema Afrika Mashariki, ambayo yalikuwa yamepata makao katika joto na unyevu wa mgodi huo.

Baadaye Jeshi la Majini la Uingereza lilimtaka achunguze maradhi yanayowapata wapiga mbizi wanapopanda juu kwa haraka. Akishirikiana na Arthur Boycott na Guybon Damant, alitumia mbuzi, kwa kuwa mbuzi aliyeathirika huinua mguu wa mbele na kukataa kuukanyagia, dalili isiyohitaji kisu wala sindano kuitambua. Majedwali ya kupanda kwa vituo waliyoyachapisha mwaka wa 1908 yakawa msingi wa usalama wa wapiga mbizi ulimwenguni.

Mwezi Aprili mwaka wa 1915, majeshi ya Ujerumani yalipotumia klorini karibu na Ypres, Ubelgiji, Haldane alitumwa Ufaransa kuitambua gesi hiyo. Aliporudi Oxford aliivuta mwenyewe ili kujaribu vifaa vya kujikinga, na mapafu yake yakaumia.

Heshima hazikumkosa. Alipewa Nishani ya Copley ya Jumuiya ya Kifalme ya London mwaka wa 1934. Hata hivyo uzee haukumfanya atulie. Akiwa na umri wa miaka 75 alisafiri hadi Uajemi na Iraki kuchunguza athari za joto kali kwa wafanyakazi wa mafuta. Muda mfupi baada ya kurejea aliugua kichomi, akafariki Oxford mwezi Machi mwaka wa 1936. Mtu aliyetumia maisha yake kuwatafutia wengine pumzi alikufa kwa maradhi ya mapafu.

Baada ya Kanari

Kanari waliendelea kushuka migodini kwa nusu karne baada ya kifo chake. Mwishoni mwa mwaka wa 1986 ilitangazwa kuwa zaidi ya ndege 200 waliobaki katika migodi ya Uingereza wangeachishwa kazi na mahali pao kuchukuliwa na vifaa vya kielektroniki. Wachimbaji wengi walihuzunika, kwa sababu walikuwa wamezoea kuwapigia mbinja na kuzungumza nao. Kifaa kilisoma gesi kwa usahihi zaidi, lakini hakikuimba.

Swali lililobaki limegeuka sura. Kwa Haldane dhiki ya ndege ilikuwa njia ya kuijua hewa. Kwa watafiti wa leo dhiki hiyo imekuwa yenyewe jambo la kuchunguzwa. Inafahamika kwamba ndege anapofadhaika mwili wake humwaga homoni iitwayo kotikosteroni, na kwamba homoni hiyo huanza kupanda katika damu dakika chache tu baada ya ndege kukamatwa. Kwa hiyo sindano yenyewe huvuruga jibu. Ili kuepuka hali hiyo, wataalamu hupima mabaki ya homoni hiyo katika kinyesi kinachookotwa chini ya tundu. Mwaka wa 2008 ilichapishwa pia njia ya kuipima katika unyoya, ambao huhifadhi kumbukumbu ya siku zote ulizokuwa ukikua. Wengine hutumia kamera zinazoona joto, au hurekodi mienendo ya ndege bila ya mtu kuwa karibu.

Hitimisho

Maisha ya Haldane hayakuwa safi pasi na doa. Kanari hakuulizwa kama angependa kushuka mgodini, na chupa ya oksijeni iliyowekwa juu ya tundu haikuondoa ukweli kwamba ndege alikabidhiwa hatari ya watu. Pamoja na hayo, Haldane aliacha mambo mawili ambayo kila anayefuga au kuchunguza ndege anapaswa kuyakumbuka. La kwanza ni kwamba dhiki inaweza kusomwa kwa macho makini kabla haijawa mauti, na kwamba anayeisoma mapema ana wajibu wa kuiondoa. La pili ni kwamba mpimaji hana budi kuujua uzito wa anachomtwika mwingine. Yeye aliujua kwa damu yake. Mchimbaji aliyekuwa gizani na taa mkononi aliujua pia: alimtazama ndege, na ndege aliponyamaza, alifunga mlango wa tundu, akafungua vali, kisha wakatoka wote wawili.